Mali Bila Daftari: Namna ya Kurejesha Pochi ya Sarafu Mtandao Iliyopotea

Simu ya mpwa wangu ilizama ziwani asubuhi moja kwenye gati la Kamanga, alipokuwa akishuka kivukoni na gunia la dagaa begani. Jioni alifika kwangu Buhongwa, viatu bado vimelowa, na kabla sijaitikia shikamoo yake machozi yalikuwa yanamtoka. Simu yenyewe haikuwa ya bei kubwa. Kilichomliza ni akiba ya zaidi ya mwaka mzima aliyokuwa akiibadilisha kidogo kidogo kuwa sarafu mtandao, akiiweka kwenye pochi ya kidijitali ndani ya simu ile ile.

Kesho yake tulipanda daladala, tukapita Mkolani, Nyegezi na Mkuyuni hadi mjini. Kwenye duka la mtandao wa simu alitaja namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA), akaweka kidole, akapewa laini mpya yenye namba ile ile. Kabla ya saa sita mchana pesa zake za simu zilikuwa zimerudi zote. Tukiwa njiani kurudi akaniuliza, "Mjomba, na ile pochi nyingine, duka lake liko wapi?"

Nikamjibu ukweli: haina duka.

Swali lake wanaliuliza vijana wengi hapa Mwanza, hasa wale wanaolipwa kazi za mtandaoni kwa sarafu iitwayo USDT au wanaonunua sarafu hizo kwa pesa za simu kutoka kwa watu binafsi. Makala haya hayakushauri ununue wala uuze. Yanamlenga mtu ambaye tayari anazo, ili ajue afanye nini akipoteza simu, akisahau nywila au akikosea kutuma, na ajue ni wapi matumaini yapo na ni wapi hayapo.

Pochi haina pesa ndani

Neno "pochi" limewapotosha wengi, kwa sababu sarafu hazikai ndani ya simu. Mkulima wa pamba wa Kwimba au Magu ataelewa haraka: kilo alizouza zimeandikwa kwenye daftari la AMCOS, chama chake cha ushirika, na mkononi mwake ana stakabadhi. Sarafu mtandao nazo zimeandikwa kwenye daftari la wazi ambalo nakala zake zimesambaa kwenye maelfu ya kompyuta duniani. Daftari hilo ndilo linaloitwa blokucheni. La Bitcoin, ambalo ni la kwanza, lilianza kuandikwa tarehe 3 Januari 2009. Lakini AMCOS ina katibu anayekujua kwa sura na kwa jina la baba yako. Blokucheni haina katibu. Inatambua ufunguo tu, na mwenye ufunguo ndiye mwenye mali.

Ufunguo huo ni namba ndefu mno, isiyoshikika kichwani. Kwa hiyo tangu mwaka 2013 pochi nyingi hutumia utaratibu uitwao BIP39, unaoigeuza namba hiyo kuwa maneno 12 au 24 ya kawaida yaliyochaguliwa kutoka kwenye orodha ya maneno 2,048. Orodha inayotumika zaidi ni ya Kiingereza, yenye maneno kama lake, boat, fish na rice. Zipo pia orodha za Kifaransa, Kihispania, Kijapani na lugha nyingine, ila ya Kiswahili haimo kwenye utaratibu huo.

Shika jambo hili moja kabla ya mengine yote: maneno hayo ndiyo mali. Simu ikizama, ikiibiwa au ikiungua, ukiwa na maneno yako kwa mpangilio wake, simu nyingine yoyote itageuka pochi yako. Ukiyakosa, simu ya milioni tatu mkononi haitakusaidia. Na mtu mwingine akiyapata, hahitaji simu yako, laini yako wala kidole chako.

Jua kwanza una pochi ya aina gani

Watu hukosea njia ya kurejesha kwa sababu hawajui walichonacho. Aina ni mbili.

Ya kwanza ni akaunti ya sokoni, kwenye kampuni kama Binance. Ulijisajili kwa barua pepe au namba ya simu, ukapiga picha kitambulisho na uso wako. Ufunguo unashikwa na kampuni. Ukisahau nywila, kampuni inaweza kukuhakiki na kukurudisha ndani. Hatari yake iko upande mwingine: kampuni ikianguka, wewe unakuwa mdai tu. Soko la FTX lilipofilisika Novemba 2022, wateja wake dunia nzima walijikuta wamefungiwa nje ya akiba zao.

Ya pili ni pochi binafsi, kama Trust Wallet au MetaMask kwenye simu, au vifaa kama Ledger na Trezor vinavyofanana na flashi. Ulipoifungua hukuombwa kitambulisho. Ulionyeshwa maneno 12 au 24 na kuambiwa uyaandike. Hapa kampuni iliyotengeneza programu haina nakala ya maneno yako. Hata ukiwapigia magoti hawana cha kukupa.

Jiulize basi: siku ya kwanza, niliombwa picha ya kitambulisho, au nilionyeshwa maneno? Jibu lako ndilo litakaloonyesha njia.

Saa ya kwanza baada ya simu kupotea

Kwa simu iliyoibiwa au kudondoka mtaani, fuata mpangilio huu.

1. Funga laini. Azima simu yenye laini ya mtandao ule ule, piga 100, uombe laini yako izuiwe. Mwizi mwenye laini yako anapokea ujumbe wa uthibitisho wa akaunti zako zote.

2. Linda barua pepe. Ingia kwenye kompyuta au simu ya mtu unayemwamini, badilisha nywila, kisha iondoe simu iliyopotea kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukimaliza, toka kabisa kwenye akaunti yako kwenye simu hiyo ya kuazima.

3. Kama ni akaunti ya sokoni, ingia na uifunge kwa muda. Masoko makubwa yana sehemu ya kusimamisha akaunti, na ukibadilisha nywila mengi huzuia kutoa pesa kwa saa 24 au zaidi. Zuio hilo linakulinda wewe.

4. Kama ni pochi binafsi na maneno unayo, ifungue kwenye simu nyingine salama. Kisha tengeneza pochi mpya yenye maneno mapya, uyaandike, na uhamishie sarafu zote huko. Usiishie kwenye kuirejesha ya zamani, kwa sababu aliyeiba simu anaweza siku moja kuipata namba yako ya siri.

5. Usifute simu kwa mbali kabla ya kufikiri. Google na Apple zina huduma ya kufuta simu iliyopotea. Kama maneno yako yameandikwa mahali, futa. Kama simu ile ndiyo yenye nakala pekee, kuifuta ni kuufuta ufunguo wenyewe. Ifunge tu, uendelee kuitafuta.

6. Nenda kituo cha polisi, ueleze na upewe namba ya taarifa (RB). Utaihitaji mbele ya safari.

Simu ikilowa au ikivunjika, hali ni tofauti, na mara nyingi ina matumaini. Simu iliyozama izime, usiichaji, usiifukie kwenye mchele. Apple yenyewe imewaonya wateja wake kwamba chembe za mchele zinaweza kuiharibu simu. Ipeleke kwa fundi aifungue, aisafishe na kuikausha. Kumbukumbu iko kwenye bodi, na kioo kikibadilishwa au betri ikiwekwa nyingine, yote yaliyomo yanaweza kurudi kama yalivyokuwa. Sema na fundi waziwazi kabla hajaanza: asiiflashi wala kuirudisha kwenye hali ya kiwandani. Kaa hapo hapo anapofanya kazi. Simu ikiwaka na pochi ikifunguka, jambo la kwanza ni kwenda kwenye mipangilio, kutazama maneno ya urejeshaji na kuyaandika. Ukikuta huwezi kuyaona, hamisha sarafu papo hapo kwenda pochi mpya ambayo maneno yake unayo.

Kurejesha pochi kwa maneno yako

Kazi hii haichukui hata robo saa, lakini ifanyie nyumbani, mahali palipo kimya. Usiifanyie kwenye kibanda cha intaneti wala kwenye simu ya kuazima.

Pakua programu ile ile uliyokuwa ukitumia kutoka duka rasmi la simu yako. Angalia jina la mtengenezaji na wingi wa waliopakua, kwani programu bandia zenye nembo ile ile zimekuwa zikiingia hata kwenye maduka hayo. Usifuate kiungo ulichotumiwa na mtu. Ukifungua, chagua sehemu ya kuingiza pochi iliyopo, kisha andika maneno kwa herufi ndogo, moja baada ya jingine, kwa mpangilio ule ule, ukiacha nafasi moja kati yao. Programu itakuomba nywila mpya. Nywila hiyo ni ya kufungulia programu kwenye simu hii tu. Kwa hiyo mwenye Trust Wallet au MetaMask aliyesahau nywila lakini ana maneno, hajapoteza kitu: aondoe programu, aiweke upya, aingize maneno. Asiye na maneno asithubutu kuiondoa.

Pochi ikifunguka na salio likasoma sifuri, usikimbilie kusema umeibiwa. Huenda sarafu yako haijawashwa kwenye orodha, au unatazama mtandao mwingine. USDT iliyo kwenye mtandao wa Tron haionekani ukifungua upande wa Ethereum. Huenda pia ulikuwa na akaunti ya pili ndani ya pochi ile ile, au uliwahi kuweka neno la ziada juu ya yale 12 au 24. Chukua anwani yako ya zamani kutoka kwa mtu aliyewahi kukutumia, uitazame kwenye tovuti za wazi kama Tronscan kwa Tron au Etherscan kwa Ethereum. Daftari ni la wote. Salio lako utaliona bila kuingiza siri yoyote.

Maneno yanapogoma

Sasa nirudi kwa mpwa wangu. Simu yake ilikwenda na maji, lakini maneno alikuwa ameyahifadhi. Siku alipofungua pochi aliyasoma kwa sauti, na dada yake akayaandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake la hesabu la kidato cha pili. Usiku ule dada mtu alitafuta chini ya kitanda mpaka akalipata. Maneno 12, mwandiko safi, yamepewa namba. Tukayaingiza kwenye simu mpya. Programu ikakataa: maneno si sahihi.

Kijana alikata tamaa pale pale. Lakini kukataa kule kulikuwa na habari ndani yake. Neno la mwisho kati ya yale 12 hubeba alama ya ukaguzi inayotokana na yale yaliyotangulia. Programu ikigoma, ina maana kuna neno limeandikwa vibaya au limekaa mahali pasipo pake. Tukakagua moja moja. Yote yalikuwa maneno halali ya orodha, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Nikamwomba dada mtu asome kama alivyosomewa. Alipofika neno la saba akasema "ramp". Nikamgeukia kaka mtu: unakumbuka ulisoma nini? Akafikiri kidogo, akasema ilikuwa ile ya taa.

Sisi huku Usukumani "l" na "r" hutupishana ulimini tangu utotoni. Kwenye orodha ile yamo yote mawili, lamp na ramp. Yamo pia law na raw, loyal na royal. Tukaandika lamp. Pochi ikafunguka, akiba yote ikiwa kama alivyoiacha.

Kwa hiyo maneno yako yakigoma, fanya hivi kabla ya kukata tamaa. Linganisha kila neno na orodha rasmi ya BIP39, ambayo ni ya wazi kwa kila mtu. Kila neno hutambulika kwa herufi zake nne za mwanzo, hivyo mwandiko uliofifia mwishoni si tatizo. Chunguza maneno yanayofanana kwa sauti. Angalia kama uliandika kwa safu mbili ukasoma kwa kushuka badala ya kuvuka.

Ukubwa wa tatizo unategemea kilichopotea, na hesabu yake iko hivi kwa pochi ya maneno 12:

Neno moja limepotea na nafasi yake unaijua: kuna maneno 2,048 ya kujaribu, na ukaguzi wa mwisho utayapunguza hadi kama 128 tu. Kazi hiyo inawezekana.

Maneno mawili yamepotea: majaribio ni zaidi ya milioni nne. Kwa mkono haiwezekani. Kwa programu ya kompyuta, kama ile ya wazi iitwayo btcrecover, ikiendeshwa kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti, inawezekana.

Maneno yote unayo ila mpangilio umevurugika: namna za kuyapanga ni 479,001,600. Kompyuta inaweza kuzimaliza, hasa kama anwani yako ya zamani unaijua ili ilinganishe.

Maneno yote yamepotea na pochi haifunguki popote: idadi ya kubahatisha ni namba yenye tarakimu 39. Hakuna kompyuta, fundi wala mganga wa kuifikia. Hapa kurejesha hakupo, na atakayekuambia kupo anakudanganya.

Jihadhari pia na bahati mbaya moja. Neno likikosewa, mara moja kati ya 16 programu hukubali na kufungua pochi nyingine kabisa, iliyo tupu. Ukikuta pochi tupu yenye anwani usiyoitambua, kakague maneno.

Akaunti ya sokoni na msimbo uliopotea

Kwa akaunti ya sokoni, kinachowakwamisha wengi ni programu ya misimbo, kama Google Authenticator, iliyokuwa kwenye simu iliyopotea. Tangu Aprili 2023 programu hiyo inaweza kuhifadhi nakala kwenye akaunti ya Google, kwa hiyo jaribu kwanza kuingia kwa barua pepe yako ile ile kwenye simu mpya. Kama hukuwasha nakala, tumia misimbo ya akiba uliyopewa siku ya kujiunga. Nayo ikikosekana, nenda kwenye tovuti rasmi ya soko, andika anwani yake mwenyewe, uombe kuondolewa ulinzi huo. Utatakiwa kupiga picha ya uso na kitambulisho kile kile ulichosajilia. Hapa ndipo waliosajili kwa kitambulisho cha rafiki hulipia kosa lao: uso na kitambulisho havifanani, na akaunti haifunguki.

Kagua pia namba ya simu. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba yake kuuzwa kwa mtu mwingine. Kama akaunti yako imefungwa kwenye namba uliyoitupa, ibadilishe leo ukiwa bado unaweza kuingia. Na piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, peleka malalamiko mapema.

Umetuma njia isiyo sahihi

Anwani za Bitcoin huanza na 1, 3 au bc1. Za Tron huanza na T. Za Ethereum na mitandao jamaa yake huanza na 0x. Ukituma USDT kwenda pochi yako binafsi ya 0x kwa mtandao jamaa usioukusudia, mara nyingi haijapotea: anwani ni ile ile, maneno ni yale yale, badilisha mtandao tu ndani ya pochi. Ukituma sokoni kwa mtandao wasioupokea, waandikie huduma kwa wateja ukiwa na namba ya muamala. Wengine hurejesha kwa malipo, wengine hawawezi. Ukituma kwa anwani ya mgeni, mwenye nayo pekee ndiye anayeweza kukurudishia. Kwa kiasi kikubwa, tuma kwanza kidogo cha majaribio.

Watakaokuja kukusaidia

Pindi ukitangaza kwenye kundi la WhatsApp au Telegram kwamba umepoteza pochi, watakuja. Wengine watajiita wafanyakazi wa huduma kwa wateja, wengine wataalamu wa kurejesha, wengine hata maofisa wa upelelezi. Watakuonyesha shuhuda za watu waliofanikiwa. Mwisho wataomba moja kati ya mawili: maneno yako, au malipo ya kuanzia kazi. Ukitoa maneno, pochi itasafishwa ndani ya dakika. Ukitoa malipo, kutazuka malipo mengine, na mengine.

Uko mtego mwingine unaowanasa wenye huruma na wenye tamaa pamoja. Mtu asiyekujua anakutumia maneno yake 12, anasema ana USDT nyingi ila hana TRX, sarafu ya mtandao wa Tron, ya kulipia ada, umsaidie kuzitoa mgawane. Unafungua, kweli USDT unaziona. Unaweka TRX kidogo ili kulipia ada, na papo hapo inanyonywa kwenda kwingine. Pochi ile imewekwa ihitaji saini ya mtu mwingine, na USDT ni chambo tu. Mvuvi wa dagaa anayewasha taa usiku ziwani anaielewa kazi ya mwanga ule.

Wataalamu wa kweli wapo. Joe Grand wa Marekani aliwahi kufungua kifaa cha Trezor kilichosahaulika namba ya siri, na mwaka 2024 akaeleza jinsi alivyopata nywila ya pochi yenye bitcoin 43.6 kwa kutumia kasoro ya programu ya zamani ya kutunga nywila. Lakini yote mawili yalihitaji kifaa au faili lenyewe liwe mkononi. Stefan Thomas, mtaalamu wa kompyuta huko huko Marekani, ana diski ya IronKey yenye ufunguo wa bitcoin 7,002. Inaruhusu majaribio 10, na kufikia mwaka 2021 alishatumia 8. James Howells wa Newport, Wales, diski yake yenye ufunguo wa bitcoin kama 8,000 ilitupwa jalalani mwaka 2013, na Januari 2025 mahakama ilikataa kesi yake ya kutaka kulichimbua jalala. Hao ni watu wenye fedha na mawakili. Usidanganywe kwamba kijana wa Telegram asiyejulikana ana uwezo waliokosa wao.

Sheria inasemaje

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwa umma kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Fedha halali ni shilingi. Tarehe 13 Juni 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akizindua jengo la tawi la Benki Kuu papa hapa Mwanza aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa kwa mabadiliko ya sarafu za kidijitali. Na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kenya nayo mwaka 2025 ilipitisha sheria ya kuwapa leseni watoa huduma za mali hizo.

Maana yake kwako ni hii: tawi la Benki Kuu Mwanza halina dirisha la kurejesha pochi, na hakuna sheria inayoweza kumkumbusha mtu maneno aliyoyasahau. Lakini wizi ni wizi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa aliyeingia kwenye simu au akaunti yako bila ruhusa na aliyekutapeli mtandaoni. Peleka polisi namba ya RB, anwani zilizopokea, namba za miamala, picha za mazungumzo na namba za simu zilizotumika. Namba ya tapeli itume pia Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kupitia 15040. Kama sarafu zimeingia kwenye soko kubwa, liandikie soko hilo haraka; polisi wakiomba, soko linaweza kuizuia akaunti ile.

Namna ya kuandika daftari lako

Andika maneno kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ngumu, wewe mwenyewe, ukitazama skrini. Yape namba. Andika kwa herufi kubwa zilizoachana. Yasome tena kwa kuyalinganisha, herufi kwa herufi. Kisha fanya jaribio ukiwa na kiasi kidogo tu ndani: ondoa programu, irejeshe kwa karatasi yako. Ikifunguka, ndipo uweke akiba.

Usiyapige picha, kwa sababu picha za simu hupanda zenyewe kwenye akaunti ya mtandaoni. Usijitumie kwa WhatsApp wala barua pepe. Usipeleke karatasi hiyo steshenari kudurufu au kufunikwa plastiki. Mashine ni za watu na macho ni ya watu. Tengeneza nakala mbili, uziweke mahali pawili tofauti, mbali na mvua ya masika na mchwa. Wenye kiasi kikubwa huyachonga kwenye bati la chuma lisiloungua.

Mwisho, mwambie mtu mmoja. Gerald Cotten, mwenye soko la QuadrigaCX la Kanada, alipofariki Desemba 2018 ilielezwa kwamba funguo alizijua peke yake, na wateja wakabaki wanadai. Baadaye wachunguzi waligundua kwamba sehemu kubwa ya fedha alishaitumia mwenyewe, lakini hofu ile ya kwanza kila familia inaweza kukutana nayo. Mkeo, mumeo au mzazi wako ajue kwamba mali hiyo ipo na bahasha iliyofungwa iko wapi, hata kama hajui kilichoandikwa ndani. Bila hivyo mirathi yako itakuwa salio ambalo wanao wataliona kwenye daftari la dunia na wasiweze kuligusa.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kama una pochi na hujui karatasi yake iko wapi, usingoje wikendi. Ifungue usiku huu simu ingali inawaka, andika maneno yako, na uyajaribu.